Nzi Aliyeitwa Tulia

Wekesa alizikwa Jumamosi, na hadi Ijumaa jioni nilikuwa bado najiambia siendi. Sababu nilikuwa nazo tayari, nimezipanga: goti linaniuma, mahindi yangu yako kwenye turubai na mvua ya Kitale haina adabu, na isitoshe miaka imepita mingi, nani atanikumbuka. Kisha nikatoa rinda jeusi nikalipiga pasi. Mtu wa umri wangu anajijua akianza kutafuta sababu. Aliyenipigia simu kunipa habari ni mwalimu mmoja aliyefundisha naye huko Bungoma, na alisema marehemu alikuwa akinitaja. "Alikuwa anasema ati huko Kitale mlikuwa mnalea nzi," akasema, na nikamsikia akijizuia kucheka kwa heshima ya msiba. Nikamwambia ni kweli, tulilea nzi, mwaka wa elfu mbili na sita. Sijawahi kulea kitu kwa uangalifu kama ule, wala kukiua kwa uzembe kama ule.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya stoo ya chuo kimoja pembeni mwa mji, dirisha limezibwa kwa blanketi kuukuu. Nzi wa matunda hapendi baridi, na Kitale ni baridi, kwa hiyo tuliwasha balbu mbili mchana kutwa na kuweka jerikeni la maji moto katikati ya rafu, likipoa, unabadilisha. Harufu ya hamira na molasi iliingia kwenye nywele na haikutoka hata kwa kuosha. Wekesa alikuwa mwanafunzi wa Profesa mmoja aliyekuja kutoka Nairobi mara moja kwa muhula, akisomea shahada ya juu kabisa, nasi tulikuwa tumeshaanza kumwita Daktari kwa kumtania. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, cheti cha kazi za maabara, na kazi ya upishi. Ndiyo, nilikuwa mpishi wa nzi. Nilipika unga wa mahindi, hamira, molasi ambayo Wekesa aliileta kutoka Bungoma, na unga wa mwani wa kugandisha. Unakoroga mpaka uwe uji mzito, unamimina kwenye chupa, ukishaganda unaingiza nzi na kuziba mdomo kwa pamba. Wanawake wa stoo walikuwa ng'ambo ya ukuta wa mbao, na mbao hazijui siri. "Huyo msichana anapikia nzi," mmoja alisema siku moja. "Nzi gani?" "Nzi tu. Wanapikiwa uji wa sukari." "Na watu wanalala njaa. Yesu wangu." Wekesa alikuwa ameinama juu ya hadubini, ameshika unyoya wa kuku tuliotumia kuwageuza nzi. Akasema bila kuinua kichwa, kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili, "Nyambura, wageni wanauliza kama uji umeiva." Ng'ambo wakanyamaza ghafla, halafu wakaangua kicheko.

Alikuwa akitafuta jibu la swali moja tu: nyama ya mwili inajuaje pa kuacha kukua? Mkono ukifika hapa unaacha. Ini likifika hapa linaacha. Seli, alinieleza, haikui kwa kupenda kwake, inangoja kuambiwa. Ujumbe unabisha hodi nje, wa mlangoni anaupokea, anampa mwenzake wa ndani, huyo anampa mwingine, mpaka ufike kwenye jeni na jeni liamke. Hiyo ni njia moja. Na njia ziko nyingi ndani ya seli hiyo hiyo: iko inayosema kua, iko inayosema kaa sawasawa na majirani zako, na iko moja kali inayosema umeharibika, kufa. Alikuwa na nzi wa aina mbili. Wa kwanza, ile njia ya kusema kua ilikuwa imekwama, inasema bila kunyamaza, na jicho lake lilivimba kidogo tu. Ungehitaji kuzoea ili ulione. Wa pili, ile ya kukaa na majirani ilikuwa imelegea, na jicho lake pia lilivimba kidogo. Lakini ukiwazalisha pamoja, watoto waliopokea kasoro zote mbili walitoka na macho yaliyomwagika nje ya kichwa, mekundu, yamejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa, mengine yamefunika hadi mdomo. Mara ya kwanza nilipoyaona sikula chakula cha mchana.

Nilimuuliza swali siku nyingine, tukila githeri kwa sufuria moja kwenye ngazi za stoo. "Na ile njia ya kufa? Si ingeziua hizo seli mbovu mapema?" Akaweka kijiko chini. Alifurahi sana mtu akimuuliza swali zuri, na mimi, niseme tu ukweli maana hakuna tena wa kumwonea haya, nilikuwa nikiyatunga maswali usiku kitandani ili nimwone anavyofurahi. Nilimpenda. "Hapo ndipo kuna maneno," akasema. "Ikikuta kasoro moja peke yake, inaua vizuri. Lakini ikikuta zile mbili zimeshikana, inageuka. Inaanza kusaidia kukuza. Ni kama mzee ameitwa kuja kuamua walevi wawili wanapigana. Akifika anakuta chungu cha pombe ya busaa bado kimejaa. Unajua anafanya nini?" Nikamwambia sisi kwetu hatuna wazee wa namna hiyo. "Mnao, ni vile mnawaficha," akasema. "Anaitisha mrija wake."

Mwezi wa tano aliniita. Hakupaza sauti, alisema tu, "Nyambura, kuja uone kitu," na nikajua kwa vile alivyosogea kunipisha kwenye hadubini. Juu ya kisahani cha barafu walilala nzi kama thelathini, macho yamefumuka wote, isipokuwa mmoja. Jicho la huyo lilikuwa la mviringo, dogo, safi, na bado alikuwa amezibeba zile kasoro mbili. Wekesa alimzalisha, akazalisha watoto wake na wajukuu, majuma mengi, akisema kila Jumatatu kwamba huenda amekosea hesabu ya urithi. Hakuwa amekosea. Lilikuwa badiliko jipya, limejizukia lenyewe humo chupani, na kila dalili ilielekeza kwenye ile njia kali: kwa ukoo huu, mzee alifika kwenye ugomvi na akaukataa mrija. Wanaofanya kazi hiyo huupa ukoo mpya jina, naye akaandika TULIA kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha plasta. "Dunia nzima wako hapa tu," akaniambia. "Chupa nane. Profesa akikuja mwezi wa tisa atabeba nusu Nairobi. Mpaka hapo, ni mimi na wewe."

Sheria ya kulinda ukoo kama huo ilikuwa moja, na alinifundisha siku ya kwanza. Unaugawa kwenye sinia mbili, na sinia mbili hazili kutoka sufuria moja. Wiki hii unapika unahamisha sinia ya kwanza kwenye chupa mpya. Wiki ijayo unapika upya unahamisha ya pili. Chakula kikiwa kibaya, kitaua upande mmoja na mwingine utabaki. Sheria rahisi, hata mtoto angeishika. Ikafika mwezi wa nane, na ulikuwa mwaka wa tohara kwao. Mtoto wa marehemu kaka yake alikuwa anaingia jandoni, na Wekesa ndiye aliyekuwa asimame mahali pa baba. Mjomba wala jirani asingefaa. Aliosha chupa zote za kuhamia Jumanne, haraka haraka, simu ya kuitwa nyumbani ikilia mfukoni, akaniambia, "Ijumaa ukimaliza kazi, kuja. Mama anataka kuona huyu mpishi." Maneno hayo nilitembea nayo mwilini siku mbili kama nguo mpya.

Alhamisi unga wa dukani ukawa umeisha. Ni mwezi mbaya ule, mahindi mapya bado yako shambani na ya zamani yanamalizika, na mwenye duka akaniambia nirudi Jumamosi. Jumamosi nilitaka kuwa Bungoma. Nilikuwa nimepanga chumba Matisi kwa Mama Kuria, mwanamke mwema ambaye alikuwa akinipakulia ugali kila nilipochelewa, na yeye alikuwa na unga, umetoka kisiagi jana yake, wa mahindi yake mwenyewe. Akanijazia mkebe. "Hata nzi wako wale chakula cha nyumbani," akasema. Nikapika sufuria moja kubwa. Nikahamisha sinia ya kwanza, nikaiangalia ya pili, nikafikiria kurudi wiki ijayo kupika tena, nikaona huu uji wote unabaki wa nini. Nikahamisha na ya pili. Chupa kuukuu za Tulia, pamoja na mayai na mabuu yaliyobaki humo, nikazimwagia maji yanayochemka siku hiyo hiyo ili nisiache kazi nyuma yangu. Jioni nilikula ugali wa unga ule ule kwa Mama Kuria, na sukuma wiki, na nikashiba vizuri.

Kwao kulikuwa upande wa Lwakhakha, karibu na mpaka, na nikifunga macho bado naiona jikoni ya mama yake: moshi, kuku wanne wakiiva kwa sufuria moja, ugali wa wimbi mweusi uliopinduliwa juu ya ungo. Kila mtu alimwita Mayi, yaani mama, nami nikamwita Mayi. Nje kulikuwa na nyimbo na njuga, na Wekesa alikuwa akipita mlangoni amejifunga kitambaa kichwani, ametoka jasho, mtu mwingine kabisa. Mayi alinitazama juu hadi chini kisha akanipa sahani za kuosha, na nikaelewa kwamba nimepokewa. Beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia; unachovya mara moja unainua. "Mukhana wa Kitale ana haraka," Mayi aliwaambia wengine, mukhana ni msichana, "lakini mikono yake si mibaya." Nikacheka. Nilikuwa na furaha, na sitaidharau furaha ile kwa sababu ya kilichofuata, maana haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa langu.

Tulirudi pamoja Jumatatu. Yeye ndiye aliyefungua chumba. Alisimama mbele ya rafu, na nilipomkaribia nikaona: kwenye kila chupa, juu ya uji, vidoadoa vyeusi vimelala miguu juu. Sinia ya kwanza. Sinia ya pili. Aligonga chupa moja na kucha, polepole, kama unavyogonga mlango wa mgonjwa. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida sana, "Sinia ya pili ulihamisha lini?" Nikasema Alhamisi, uji wa chupa zake kuukuu ulikuwa umeota ukungu. Hakukuwa na ukungu. "Sufuria moja?" Nikamtazama usoni. "Hapana," nikasema. "Nilipika mara mbili." Sijui lilitoka wapi neno hilo. Najua tu kwamba lilitoka kwa urahisi, na baada yake lilikuwa kama mlango uliojifunga.

Maana Wekesa alikuwa mtu wa kufuata hoja. Alikaa kwenye kiti kile cha mbao akahesabu kwa vidole mbele yangu. Chakula kilikuwa cha sufuria mbili, kwa hiyo si chakula. Joto lilikuwa sawa, na nzi wale wengine wasio wa Tulia, waliokuwa wamebaki kwenye chupa zao kuukuu rafu hiyo hiyo, walikuwa hai. Kilichobaki cha pamoja ni chupa mpya. Akaichukua moja iliyobaki tupu, akainusa. "Niliziosha mimi," akasema. "Nilisuuza mara moja tu. Ni sabuni, Nyambura. Ni mimi nimewaua." Nami nikasema, "Pengine." Nilisema pengine.

Siku hiyo sikujua mimi mwenyewe ni nini kiliwaua, na hilo lilinipa usingizi wa siku mbili. Jumatano nikiwa chumbani kwangu nikamsikia Mama Kuria upande wa pili akiongea na jirani. "Wadudu wa mwaka huu si wa kawaida," alisema. "Nilitia dawa mahindi, wakakataa kufa. Nikarudia wiki mbili zilizopita. Sasa nikienda kusaga lazima nioshe hayo mahindi kwa maji mengi." Jirani akauliza kama kuosha kunatosha. "Si tunakula na tuko hai," Mama Kuria akajibu. Nilikaa kitandani na viatu mkononi. Dawa ya kuulia fukusi wa mahindi. Iliyobaki baada ya kuoshwa haikumdhuru mtu, lakini nzi ana uzito gani? Unga ule peke yake ungeua sinia moja tukapona. Sufuria moja peke yake, yenye unga wa dukani, isingedhuru kitu. Vilishikana viwili, na uongo ambao ningesema ni wa kunilinda ukaja ukavikuza.

Nilienda kumwambia. Naapa nilienda. Nilimkuta chumbani kwake anafunga vitabu kwa kamba, barua ya kwenda kwa Profesa amekwisha kuituma, ameandika kila kitu jinsi alivyoosha chupa. Alinipa chai ya rangi kwenye kifuniko cha chupa ya chai kwa sababu vikombe vilikuwa vimefungwa. "Unajua kinachonisaidia ni nini?" akaniuliza. "Ni vile ni mimi. Kama ingekuwa ni mtu mwingine, bana, sijui kama ningemsamehe." Nikanywa ile chai mpaka mwisho. Nikamtakia safari njema.

Kabla ya Krismasi chumba kilifungwa, balbu zikang'olewa, na wanawake wa stoo wakaweka mifagio humo. Nilisikia Wekesa amekaa kwao, halafu amepata kazi ya kufundisha biolojia katika sekondari moja, halafu ameoa. Shahada haikumalizika. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba watu wa mbali walikuwa wakiandika juu ya jambo hilo hilo, ile njia ya kufa inavyogeuka kuwa ya kukuza uvimbe, na niliisoma makala yote nikiwa nimesimama. Kama Wekesa angekuwa bado na nzi wake, Tulia angekuwa ndani ya makala ile. Mara mbili nilianza kumwandikia. Mara ya pili nilifika hadi "Ndugu Wekesa, kuna jambo," nikaona mkono wangu unaandika habari za mvua.

Mazishini watu walikuwa wengi, wengi wao wanafunzi wake wa zamani, wengine na watoto mgongoni. Mmoja, muuguzi sasa, alipewa kipaza sauti. Akasema, "Mwalimu alitufundisha mengi, lakini liko moja hakuna mtu hapa amesahau. Tukiingia maabara, kabla ya kugusa chupa, alikuwa anatuuliza: tunasuuza mara ngapi?" Na uwanja wote ukajibu kwa pamoja, wakicheka na machozi yakiwatoka, "Mara tatu!" Muuguzi akaendelea. "Alikuwa anatuambia yeye alisuuza mara moja, na akaua kitu ambacho hakitazaliwa tena. Hakuwahi kuona haya kusema. Ndiyo maana tulimwamini." Kisha mfawidhi akatangaza kwamba yuko dada kutoka Kitale aliyefanya kazi na marehemu, aje aseme machache. Nilisimama. Nilishika kile kipaza sauti mbele ya watu wale wote, na jeneza liko hatua tatu kutoka kwangu, nikasema Wekesa alikuwa mtu mwenye bidii na Mungu awafariji. Wakapiga makofi. Nikaketi.

Baada ya kufukia nilikwenda jikoni. Wanawake walinikataza, mgeni haoshi vyombo, lakini Mayi alikuwa hapo, mdogo sasa, amekauka, ameketi kwenye kigoda na rundo la sahani, akasema niachwe. Beseni zilikuwa nne. Moja ya sabuni, tatu za kusuuzia. "Ni yeye," Mayi akasema aliponiona naziangalia. "Aliporudi kutoka Kitale alikataza tusile kwa sahani haijasuuzwa mara tatu. Hata maji yakiwa ya kubeba kichwani." Tukaosha. Yeye anasugua, mimi nasuuza. Sahani ya kumi au ya ishirini, sikumbuki, nikasema, "Mayi, haikuwa sabuni."

Hakuinua macho. Nikamwambia yote, kwa sauti ya chini, mikono yangu ikiwa ndani ya maji: unga, sufuria moja, na vile aliniuliza nikamdanganya usoni. Haikuchukua muda mrefu. Nilishangaa ni maneno machache kiasi gani. Mayi alimaliza sahani aliyoishika, akachukua nyingine.

"Alilala mwaka mzima kwa kitanda cha baba yake," akasema mwisho. "Anaangalia mabati."

"Nilisikia, Mayi."

"Ulisikia. Mimi ndiye nilikuwa nampelekea chai, narudi naipata imepoa." Akasugua sahani, akaigeuza, akaisugua nyuma. "Sasa unaniambia mimi. Mimi nzi siwajui, mukhana. Mwenye alitaka kusikia hayo tumemfunika saa nane."

 Akanipa ile sahani, nikaichovya, nikaichovya tena, nikainyanyua kuiweka juu ya nyingine kwenye chanja. Mayi akanishika kifundo cha mkono.

"Hiyo ni mara mbili," akasema.

Nikairudisha majini.